Kaburi Ambalo Halikuwa Kwenye Orodha

Jumatatu, 13 Januari

Sketi sita zimekwisha, bado nane. Shule zimefunguliwa leo na wazazi bado wananiletea vitambaa, kana kwamba Januari imewavamia ghafla. Kidole kimechomwa na sindano mara mbili. Sijali, kazi ipo.

Saa nne uzi wa bluu ukaisha. Nikakata njia kupitia eneo letu la zamani, palipokuwa na nyumba ya tembe ya wakwe zangu kabla Miyuji, hapa Dodoma, haijapimwa viwanja. Siku hizi hapana nyumba. Majani na miiba tu. Nikakuta vigingi vya mbao vimefungwa vitambaa vyekundu, vimenyooka mstari mmoja kutoka barabara kubwa. Kimoja kiko hatua mbili tu kutoka kwenye yale mawe.

Kwenye yale mawe amelala Perisi, mtoto wangu wa kwanza. Aliishi miezi mitatu. Mwaka huu angetimiza miaka ishirini na sita.

Sikununua uzi. Nilirudi nikakaa kwenye cherehani na sikukanyaga.

Jumanne, 14 Januari

Nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Nje, kwenye ubao, kuna tangazo. Barabara inapanuliwa. Makaburi tisa yametambuliwa, yatahamishiwa makaburi ya umma, ndugu wafike kuthibitisha kabla ya mwisho wa mwezi. Nikasoma orodha mara tatu. Perisi hayumo. Angekuwamo vipi? Hakuna msalaba pale, wala saruji. Anayepita anaona mawe.

Mtendaji wa mtaa wetu ni binti mdogo, anaitwa Anitha. Amehamia kutoka Kagera, hana hata miaka mitatu hapa. Niliingia nimejiandaa kuambiwa nirudi kesho. Akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, akafunga mlango. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati.

Akavuta fomu. Kabla ya kitu kingine chochote akauliza, "Aliitwa nani, mama?"

Tangu afe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Watu waliniambia pole, waliniambia nitapata mwingine. Jina hawakuuliza. Akanisubiri. Hakushika simu, hakutazama dirishani. Nilipolisema akaliandika kwa herufi kubwa, akaigeuza karatasi nilione kama amepatia.

PERISI YONA. Kliniki hatukuwahi kumwandikisha, cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Leo ndiyo mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye karatasi ya serikali. Nimelia ofisini mwa watu. Anitha akanipa karatasi ya chooni iliyokuwa mezani, akasema bwana afya atakuja keshokutwa kukagua.

Alhamisi, 16 Januari

Bwana afya amekuja. Anaitwa Shabani, Mrangi wa Kolo, mtu mzima mwenye mvi. Alivua kofia kabla hajafika kwenye mawe. Nimeliona hilo na nimeliweka moyoni.

Akapima kwa futi, akapiga picha, akaandika. Kisha akaniuliza swali moja. "Ulimwona akizikwa?"

Sikumwona. Malaria ilitushika wote wawili, mimi na mtoto. Mimi nililazwa kituo cha afya na dripu mkononi, yeye akafia nyumbani. Niliporudi siku ya tatu nilikuta mawe nyuma ya nyumba, yamerundikwa. Nikapiga magoti. Tangu hapo kila Krismasi nimekwenda kupafyeka.

Shabani hakunikaripia. Alieleza taratibu, kama mtu anayemweleza dada yake. Kaburi lisilo na alama halifukuliwi kwa neno la mtu ambaye hakuwepo. Anahitaji mashahidi wawili waliozika. Lazima wapatikane kabla ya tarehe thelathini na moja, kwa sababu wiki inayofuata greda linaanza.

Waliozika walikuwa watu watatu. Baba mkwe amekwisha fariki. Wamebaki wawili: mume wangu Yona, na shangazi yake, Dorkasi. Wote wako Bahi. Yona hukaa huko kwa shangazi yake msimu wote wa mpunga.

Jioni nikampigia. Nikasema lote bila kupumua. Akasema, "Muache apumzike, Mama Foibe. Usimfukue mtoto." Akakata.

Ijumaa, 17 Januari

Hapokei simu. Nimekasirika. Nimepiga pasi sketi moja mpaka ikaungua.

Apumzike chini ya greda?

Jumamosi, 18 Januari

Binti yangu Foibe amekuja kutoka chuo kuchukua nguo zake. Ana miaka ishirini na miwili, anajua mengi, hili hakulijua. Hatukuwahi kumwambia. Nilikuwa nasubiri akue, halafu akakua.

Nilimwambia tukichambua mlenda, macho yangu kwenye majani. Kisha akauliza kama Perisi alifanana naye. Nikasema masikio. Masikio yale yale. Akashika sikio lake moja akaendelea kuchambua kwa mkono mmoja.

Baadaye akaniuliza mbona baba anakataa. Nikasema sijui. Kweli sijui. Yona si mtu wa moyo mgumu. Ng'ombe akifa hali chakula.

Jumanne, 21 Januari

Nimekwenda mjini, kwenye ofisi anakofanya kazi Shabani. Foleni ndefu. Watu wa vibali, wa leseni, mama mmoja na faili lililofungwa kwa kamba ya katani. Mlinzi aliona nimesimama kwa mguu mmoja, akaniletea stuli yake, yeye akasimama mpaka saa sita. Jina lake sikulipata. Namwandika hapa ili nisimsahau.

Shangazi Dorkasi hawezi kusafiri, miguu imevimba. Nilidhani basi, limekwisha. Shabani akasema hapana, ushahidi unaweza kuchukuliwa huko huko aliko, mbele ya mtendaji wa kijiji, kwa sahihi na muhuri. Akaandika barua hapo hapo. Mashine ya kuchapa ilikwama, akaiandika upya kwa mkono. Akampigia mtendaji wa kijiji nikisikia.

Miaka yote hii nimewasema watu wa ofisini kwa wateja wangu. Nimewasema sana. Leo nimeona haya.

Alhamisi, 23 Januari

Nimetoka Bahi sasa hivi. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Basi mpaka Bahi, kisha bodaboda. Maji yamejaa. Kijana wa bodaboda alinishusha mahali akasema hapa mwisho, nikavua viatu nikatembea kwenye kingo za majaruba. Mpunga umesimama kijani mpaka macho yanauma.

Yona hakuwepo. Alikwenda shambani ng'ambo ya maji tangu alfajiri. Alijua nakuja. Shati lake lilikuwa kwenye kamba.

Shangazi Dorkasi alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha juu ya gunia. "Mbukwa," akanisalimu, kisha akaniita Mama Perisi. Niliitwa hivyo miezi mitatu tu. Nilipopata Foibe watu wakafurahi, wakanibadilisha jina. Yeye hakubadilisha. Kumbe ni miaka mingi tu sijakaa naye peke yangu.

Mtendaji wa kijiji akaja kwa miguu, gambuti mpaka magotini, karatasi ameziweka ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Kijana wa Ukerewe. Kigogo hajui, na Shangazi Kiswahili cha mambo mazito hakimtoki. Mwalimu aliyepaswa kutafsiri alikuwa amekwama na maji. Mtendaji akaniuliza kama naweza mimi, Shangazi akikubali. Shangazi akakubali.

Kwa hiyo alisema, nami nikawa naligeuza kila neno kwa Kiswahili, mtendaji anaandika.

Alisema mtoto alikufa siku ile ile niliyolazwa, saa za mifugo kurudi kutoka machungani. Nikatafsiri. Alisema walimfunga kwa khanga ya njano. Nikatafsiri. Alisema mvua ilikuwa imenyesha, ardhi ya nyuma ya nyumba ilikuwa na mwamba, jembe lilikataa. Wakazunguka mashariki, kando ya mlango wa zizi, udongo ulikuwa laini. Yona alichimba mwenyewe. Wakamzika pale.

Nikamuuliza kwa Kigogo: na mawe?

Akasema, mawe gani? Yale ya nyuma? Yale yalikuwa ya msingi wa ghala. Baba mkwe wako aliyarundika wiki ile ile, wewe ukiwa kitandani na homa.

Mtendaji akaniangalia, kalamu juu. "Amesema nini, mama?"

Nikatafsiri. Nimesema kwa mdomo wangu: mtoto hakuzikwa kwenye mawe.

Hakuandika mara moja. Aliuliza kama nataka kupumzika. Nikasema aandike. Shangazi akaweka dole gumba kwenye wino. Mtendaji alimfuta kidole kwa kitambaa chake mwenyewe, polepole, mpaka wino ukatoka wote.

Ijumaa, 24 Januari

Krismasi ishirini na sita nimefyeka mawe ya ghala.

Yona alikuwa ananiona. Alikuwa anasimama barabarani akinisubiri, kofia mkononi.

Jumatatu, 27 Januari

Hasira imepungua. Imebaki hofu.

Nimepeleka ushahidi kwa Anitha, akamwita Shabani. Wote wawili wamesoma. Shabani akasema maneno ya Shangazi yanatosha kufungua jalada, ila hayatoshi kuchimba. Tulikwenda eneo lenyewe watatu. Mashariki ya nyumba ipi? Nyumba ilibomolewa, zizi liliondolewa, udongo umesawazishwa. Nilizunguka nikitafuta mlango wa zizi kwenye miiba. Niliishi pale miaka kumi na sikuweza kusema palikuwa wapi. Shabani akasema hawezi kuchimba eneo zima kubahatisha. Kunahitajika mtu wa kuonyesha kwa kidole.

Yona peke yake.

Nikawaambia mume wangu hapokei simu zangu. Ni aibu kusema jambo la ndani mbele ya watumishi. Anitha hakushtuka. Akaomba namba, akapiga kwa simu yake, akaweka sauti kubwa ili nisikie.

Yona akapokea. Anitha akamwamkia shikamoo baba, akajitambulisha. Hakumlaumu. Hakumweleza sheria. Alimsomea fomu tangu juu. Jina la marehemu, Perisi Yona. Jina la mama, Yudithi. Jina la baba, Yona. Tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya kufariki. Kisha akasema, "Baba, chini hapa kuna nafasi ya sahihi ya aliyezika. Nimeiacha wazi. Nafunga jalada Ijumaa saa tisa na nusu."

Nikasikia vyura wa majarubani kwenye simu.

Yona akasema, "Nimesikia, mwanangu." Basi.

Nilitaka Anitha ampigie tena, amwombe, amtishe hata. Akasema tumwache. Ana umri wa kuwa mwanangu na ana subira kunishinda.

Jumatano, 29 Januari

Greda limefika. Limeegeshwa kando ya vigingi, la njano, kubwa kama nyumba. Dereva wake amekuja kwangu kushonewa zipu ya jaketi. Mstaarabu. Nikamuuliza wanaanza lini. Jumatatu, akasema, mvua ikiruhusu.

Nimeomba mvua. Halafu nikakumbuka mvua inafunga njia ya Bahi. Nikaacha kuomba.

Yona kimya.

Alhamisi, 30 Januari

Imenyesha tangu saa nane mchana. Foibe amepiga simu mara nne kuuliza. Sina la kumwambia. Nimeshona vifungo.

Ijumaa, 31 Januari

Saa nane kasoro Yona amesimama mlangoni. Suruali imekunjwa, tope mpaka mapajani, begi la mbolea begani. Ametembea toka majarubani mpaka lami kwa sababu bodaboda zimegoma kupita. Amekonda.

Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima. Nilimpa maji ya kunawa.

Alinawa uso tu. Akasema tukiwa bado mlangoni, "Siku ile ulitoka kituoni ukiwa huna nguvu ya kusimama. Ukaenda moja kwa moja kwenye yale mawe, ukalala juu yake. Nikasema nitakwambia kesho. Kesho yake ukaenda tena. Nikashindwa. Kila mwaka nikashindwa zaidi."

Akasema alipopata simu yangu aliona jambo moja tu: wanachimba chini ya mawe, hawakuti kitu, nami nimesimama pale naangalia.

Sikumsamehe palepale. Naandika ukweli. Ila nilimwelewa palepale, na hilo halikuniomba ruhusa.

Tukaenda. Shabani alikuwa ametangulia, Anitha yuko na jalada kwapani na mwavuli. Yona akasimama kwenye miiba, akatazama mlima, akatazama barabara kubwa, akajisogeza. Alitembea hatua kama kumi, akarudi mbili. Akainama akachimbua kwa mikono. Karibu na kina cha kiganja akagusa gogo. Kipande cha nguzo ya mlango wa zizi, mti mgumu, umewashinda mchwa. Akahesabu kutoka pale futi tatu kwa nyayo zake.

"Hapa," akasema. Hakunyoosha kidole. Alikaa chini pale pale kwenye tope.

Shabani akachomeka kigingi. Anitha akampelekea fomu hapo hapo alipokaa, akamshikia mwavuli, akamgeuzia mgongo wake uwe meza. Yona akatia sahihi kwenye mgongo wa Mtendaji wa mtaa. Saa tisa na dakika ishirini.

Greda litasogezwa. Shabani amezungumza na wasimamizi, wataanzia upande wa pili. Tumepewa siku nne. Nashukuru. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Nashukuru.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani nimekaa kando ya Yona. Mchungaji wetu atakuja Jumanne. Foibe pia, ameomba ruhusa kwa mwalimu wake. Seremala ametengeneza sanduku dogo la mninga. Yona alilipiga msasa mwenyewe tangu mchana, ingawa lilikuwa limekwisha kulainika.

Shabani alikwisha nionya. Mtoto wa miezi mitatu, miaka mingi, udongo ule wenye unyevu. Alisema, "Huenda tusikute kitu cha kuona, mama. Udongo wenyewe tunauhamisha kwa heshima ile ile." Nimemshukuru kwa kunieleza mapema.

Jumanne, 4 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wamekwisha zungushia turubai. Vijana wawili wa idara ya afya, glavu, mabuti. Shabani alikagua sanduku kwa mkono, ndani na nje. Mchungaji alisoma kidogo. Shabani ni Mwislamu, alisimama nje ya duara letu, viganja amevifungua.

Walianza kwa sururu, kisha koleo, kisha mikono. Shabani mwenyewe alishuka, akapiga magoti. Udongo wa juu mwekundu. Chini yake palikuwa na mraba mdogo wa udongo mweusi zaidi, umbo la kitanda cha mtoto. Foibe alinishika kiuno. Yona alikuwa upande wa pili.

Hakukuwa na mfupa. Hata mmoja. Walikusanya ule udongo mweusi kwa viganja, kidogo kidogo, wakiuweka kwenye shuka jeupe.

Kisha Shabani akasimamisha mkono. Akakiweka kitu kwenye kiganja, akakisugua kwa kidole gumba, akanyanyuka akaniletea mimi. Pini ya nepi. Chuma kimeliwa chote, kimebaki kichwa chake cha plastiki, cha njano, chenye picha ya bata.

Akauliza, kwa utaratibu wa kazi yake, "Unaitambua?"

Niliinunua mwenyewe, nikiwa na mimba ya miezi minane. Zilikuwa mbili kwenye kadi. Nilichagua za njano kwa sababu sikujua kama atakuwa wa kike au wa kiume. Asubuhi ile niliyozidiwa, kabla hawajanibeba, nilimbadilisha nepi mimi. Niliifunga pini ile mimi. Kumbe hawakuitoa. Alizikwa na nepi niliyomfunga mimi.

Miaka yote nimeamini sikuwepo kabisa kwenye mazishi ya mwanangu.

Nikasema naitambua. Shabani akaandika kwenye fomu yake: udongo, pini moja. Akaniuliza kama nataka kubaki nayo. Nilitaka sana. Nikairudisha. Ni yake.

Makaburi ya umma yako mbali kidogo, kwenye mwinuko, upepo mwingi. Kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri, kuta zimenyooka. Bamba la bati limechorwa rangi nyeupe: PERISI YONA, na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, ule ule mmoja. Herufi zimepangwa sawasawa. Kuna mtu mahali fulani ofisini alipiga mstari kwa penseli kwanza, nimeuona chini ya rangi. Yona alishusha sanduku. Mimi nilitupa udongo wa kwanza. Safari hii niliona kila kitu.

Jumatano, 5 Februari

Nimelala mpaka saa tatu. Yona amepika uji.

Tumeongea. Si sana. Amesema Krismasi zile alizokuwa ananisubiri barabarani, alikuwa anasimama juu ya kaburi. Barabara ya zamani, ambayo sasa imemezwa na miiba, ilipita pale pale penye mlango wa zizi. Kila mwaka mimi nikipiga magoti kwenye mawe, yeye alikuwa amesimama na mtoto. "Hakuwahi kukaa peke yake," akasema.

Hasira yangu imebaki kidogo, kama mwiba wa samaki kooni. Itashuka.

Ijumaa, 7 Februari

Nilishona gauni la kitenge, nikampelekea Anitha. Akalishika, akalikunjua, akalitazama mpindo, nikaona amelipenda. Akalikunja akanirudishia. Haruhusiwi kupokea zawadi kwa kazi aliyolipwa kuifanya. Nikasema si zawadi, ni shukrani. Akasema ndilo hilo hilo, mama, na akacheka.

Nikatoka nimenuna. Nje nikatazama juu ya mlingoti. Bendera ya ofisi imechanika ncha yote, nyuzi zinapepea. Nikarudi ndani nikauliza kama bendera inaruhusiwa kushonwa na mwananchi. Akafikiri. Akasema hajaona waraka unaokataza.

Nimeishona mchana huu, uzi mara mbili, mpindo mpana ili upepo wa Dodoma usiile haraka. Nimeunganisha kijani na njano pale palipoachia. Ni kazi safi. Nafikiri sijawahi kushona kitu kwa furaha namna hii.

Shabani nimemwandikia barua. Nimeipeleka mapokezi, nikamwomba dada wa pale aigonge muhuri wa imepokelewa, ili iingie kwenye faili lake. Wakubwa wake wasome. Nimeandika kwamba alivua kofia.

Jumatatu, 10 Februari

Yona amerudi Bahi, palizi inamsubiri. Amempelekea Shangazi dawa ya kuchua miguu. Amepokea simu yangu mlio wa kwanza.

Greda limepita mchana. Nililisikia toka kwenye cherehani. Sikutoka kutazama.

Alhamisi, 27 Februari

Kashata za karanga kwa Foibe, atazichukua kesho. Mashati manne ya shule yamebaki, hakuna haraka.

Asubuhi Anitha amepita nyumba kwa nyumba na mjumbe wetu, wanahuisha daftari la wakazi. Nilimtolea kiti kivulini. Akachomoa kalamu, akauliza jina la mkuu wa kaya, kabila, kazi. Nikajibu, mguu bado uko kwenye kanyagio.

Akauliza, "Watoto uliozaa?"

Nikasema wawili.

Hakuinua uso. Akaandika mbili, akauliza tuna choo cha aina gani. Nikamwambia cha shimo, kina mlango wa bati. Akaandika na hilo, akanishukuru, akavuka kwenda kwa jirani.